Blanketi na Dirisha

Kila kitu kinachoingia katika hospitali ya umma nchini mwetu kina karatasi yake. Dawa zina hati ya kupokelea, glavu zina leja, shuka zina mhuri, hata ndoo ya kusafishia sakafu ina namba iliyoandikwa kwa rangi ubavuni. Mkaguzi akija, kila kimoja hutafutwa mahali pake, na kisipoonekana mtu huulizwa kilikokwenda. Kimoja tu huingia na kutoka bila hati, bila leja na bila mkaguzi, nacho ndicho kinachotumiwa na kila aliyemo humo, mgonjwa na mganga, usiku na mchana. Kitu hicho ni hewa. Ninadai katika makala haya kwamba hewa ya hospitali, kwa kuwa haina karatasi, haina mwenyewe. Na kwa kuwa haina mwenyewe, dirisha la wodi limeachiwa yule anayesikia baridi zaidi aamue lifungwe au lifunguliwe. Matokeo ya uamuzi huo hayaonekani siku hiyo. Huonekana baada ya miezi, katika kliniki ya kifua kikuu.

Nimezaliwa Bulyaga, kata iliyomo mjini Tukuyu, wilayani Rungwe. Asiyepafahamu aielewe kwanza hali ya hewa yake, maana bila hiyo hoja yangu haitamwingia. Mji uko takriban meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, karibu na Mlima Rungwe, na upepo wenye unyevu unaopanda kutoka Ziwa Nyasa huja kuutua mzigo wake kwetu. Rungwe ni miongoni mwa wilaya zinazopata mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Sehemu zake hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua hiyo ndiyo inayotupa ndizi, chai, parachichi na viazi. Ikiisha mvua, huja baridi ya Juni na Julai, ile inayomfanya mzee akae jikoni hadi saa nne asubuhi. Mtoto wa Bulyaga hufundishwa kufunga mlango nyuma yake tangu anapoanza kutembea. Anayeacha dirisha wazi usiku wa Julai ataulizwa kama ana akili timamu.

Kwa hiyo agizo la "fungueni madirisha, hewa izunguke" si agizo lile lile kila mahali. Dar es Salaam ni ushauri mwema. Tukuyu, kwa mgonjwa mwenye shuka moja, ni adhabu.

Miaka michache iliyopita nilimuuguza mjomba wangu katika hospitali moja ya Nyanda za Juu Kusini. Sitaitaja jina, maana niliyoyaona humo nimeyaona pia kwingine, na si haki moja ibebe lawama za nyingi. Mjomba alilazwa kwa maradhi ya moyo. Wodi ya wanaume ilikuwa na vitanda ishirini, na siku nyingi wagonjwa walizidi vitanda. Kando ya kila mgonjwa alikuwapo ndugu yake, na usiku ndugu hao walijilaza sakafuni juu ya mikeka. Madirisha yalikuwa mapya, ya alumini, yale ya kusukuma, yenye vioo safi na nyavu za mbu. Ikifika saa kumi na mbili jioni yalifungwa yote. Hakuna aliyeamuru. Mmoja aliinuka akasukuma la kwake, wa pili akafuata, na kabla ya taa kuwashwa chumba kilikuwa kimezibwa kama mtungi wa pombe.

Asubuhi nilipofika na chupa ya uji, ile hewa ilinipokea mlangoni. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima, alikuwa akipita kutoka dirisha hadi dirisha akiyafungua, na nyuma yake mikono ilikuwa ikiyafunga. Nilimwuliza kama hachoki na mchezo huo.

"Mwalimu," aliniambia, "nikiyafungua wananiona sina huruma. Nikiyaacha, wao watakaa wiki mbili watakwenda zao. Mimi nimo humu mwaka wa kumi na nne."

Sijapata kusikia sera ya afya mahali pa kazi ikielezwa kwa ufupi zaidi ya hapo.

Kitanda cha tatu kutoka kwa mjomba alilala mzee aliyeletwa kwa ajili ya kisukari. Alikuwa akikohoa. Hakuna aliyekitilia maanani kikohozi chake, kwa kuwa hakukijia hospitalini, na kwa kuwa katika wodi kila mtu anakohoa kidogo. Siku ya tisa makohozi yake yalichukuliwa; kesho yake alihamishwa, na habari ikazagaa kwamba ni TB. Wodi nzima ilinyamaza. Madirisha yalikaa wazi siku mbili. Siku ya tatu mvua ilinyesha, yakafungwa.

Miezi saba baadaye, mtoto wa mjomba, kijana aliyelala sakafuni karibu na baba yake kwa wiki zote tatu, aligundulika kuwa na kifua kikuu. Alikuwa kibarua wa kuchuma chai. Amepona, namshukuru Mungu. Dawa alipewa bure kwa miezi sita kama sera ya nchi inavyoagiza, na mhudumu wa afya wa kata alimfuatilia kwa uaminifu. Lakini msimu wa chai ulimpita, deni la dukani likakua, na mkewe akarudi kwao kwa muda kwa sababu ya maneno ya majirani. Dawa ilikuwa ya bure, ugonjwa haukuwa wa bure.

Je, aliupata wodini? Siwezi kuapa. Vimelea vya TB huweza kukaa mwilini miezi au miaka kabla ya kuamka, na kijana huyo alipanda pia mabasi na kukaa vilabuni kama vijana wengine. Hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo kisiasa. Daraja likivunjika, mhandisi wake hujulikana. Dawa ikiisha muda wake, tarehe husomeka kwenye chupa. Lakini hewa haiachi nyayo. Hakuna mwananchi atakayepeleka shauri mahakamani akisema pumzi fulani ya usiku fulani ndiyo iliyomwumiza, na kiongozi asiyeweza kushitakiwa kwa jambo hana haraka nalo.

Hata hivyo, kinachoshindikana kuthibitishwa kwa mtu mmoja kimekwisha thibitishwa kwa wengi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Baltimore, Marekani, Richard Riley na wenzake, wakiifuata nadharia ya mhandisi William Wells, waliichukua hewa iliyotoka katika wodi ya wagonjwa wa TB wakaipitisha kwenye mabomba hadi katika chumba walimofugwa simbilisi. Wanyama hao hawakuwahi kumwona mgonjwa hata mmoja, wala kula naye, wala kuguswa na mkono wake. Walishiriki naye hewa tu. Nao wakaambukizwa. Sisi wa nyanda za juu tunaowafuga simbilisi jikoni tunaweza kuuelewa mfano huo bila mkalimani: aliye chini ya kitanda hupata kilichotoka kifuani mwa aliye juu yake.

Maelezo yake si magumu. Mtu akikohoa, akiimba au hata akizungumza, hutoa matone ya ukubwa mbalimbali. Makubwa huanguka chini upesi. Madogo hukauka hewani, kila moja likabaki chembe nyepesi iliyobeba vimelea, na chembe hiyo huweza kuelea kwa saa nyingi. Katika chumba ambacho hewa yake hubadilishwa mara 12 kwa saa, asilimia 99 ya chembe hizo huwa zimeondoka katika dakika 23. Ikibadilishwa mara mbili tu, kazi hiyo hiyo huchukua zaidi ya saa mbili, na mgonjwa hangoji saa mbili kabla ya kukohoa tena.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni hili: mgonjwa wa kuogopwa zaidi si yule aliye katika wodi ya TB. Huyo amekwisha julikana, anameza dawa, na uwezo wake wa kuambukiza hushuka upesi akishaanza tiba inayofaa. Wa kuogopwa ni yule ambaye bado hajajulikana: mzee wa kisukari anayekohoa, kwa maana kisukari chenyewe huongeza uwezekano wa kuugua TB, mama aliyekaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje tangu alfajiri, mfungwa aliyeletwa kutibiwa jino. Wodi maalumu haimzuii mtu ambaye bado hatujamtambua. Kinachotukinga naye ni hewa ya vyumba vyote vya kawaida, tangu mapokezi hadi dirisha la dawa.

Tulipaswa kuwa tumelijifunza hili mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi mwaka huo. Tarehe 28 Machi Shirika la Afya Duniani liliutangazia ulimwengu kwamba ugonjwa huo hauenei kwa njia ya hewa. Mwezi Julai wanasayansi 239 waliliandikia barua ya wazi wakilitaka litazame upya msimamo wake, na baadaye shirika lenyewe lilikubali kwamba hewa ni njia mojawapo. Katika miezi hiyo, nasi kama wengine, tulinunua ndoo. Kila ofisi, kila duka, kila kanisa la Tukuyu lilikuwa na ndoo ya maji tiririka mlangoni. Sizidharau, mikono safi imeokoa watoto wengi wasiharishe. Lakini ndoo ilikuwa na faida nyingine iliyoipendeza Serikali na wananchi kwa pamoja: ilionekana. Kiongozi aliweza kuipiga picha. Mwananchi aliweza kuonyesha kwamba ametii. Tulinawa mlangoni, tukaingia ndani, tukafunga madirisha, tukaimba.

Yaliyofuata katika siasa za korona nchini mwetu yanajulikana, na leo sitayarudia. Ninachotaka kukitazama ni kile kilichobaki. Ndoo zilibaki hadi koki zake zikakatika. Barakoa zikaisha. Nyungu zikarudi kuwa dawa ya mafua. Je, ni hospitali ngapi zilizotoka katika janga lile zikiwa na tundu moja zaidi la hewa ukutani?

Wazee waliotutangulia katika tiba walikuwa na sababu ya kuijali hewa: hawakuwa na kitu kingine. Robert Koch alitangaza ugunduzi wake wa kimelea cha TB tarehe 24 Machi 1882, lakini dawa ya kwanza yenye nguvu dhidi yake, streptomaisini, ilipatikana mwaka 1943. Katika miaka sitini ya katikati, tiba ilikuwa hewa, chakula na mapumziko. Ndiyo maana Kibong'oto, hospitali yetu kongwe ya kifua kikuu iliyoanzishwa mwaka 1926, ipo kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Ndiyo maana majengo mengi ya hospitali ya zama zile yana dari za juu, madirisha marefu pande zote mbili na baraza pana. Halafu dawa zikaja, na zikafanya maajabu. Tanzania yenyewe ilikuwa shule ya ulimwengu: mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulioanza mwaka 1977, ambao daktari Karel Styblo alishirikiana na wataalamu wetu kuujenga, ndio uliotoa mfano wa tiba ya usimamizi wa karibu uliokuja kuigwa duniani kote katika miaka ya 1990. Tuna haki ya kujivunia. Lakini nchi yetu bado imo katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB, na nadhani sehemu ya sababu ni kwamba dawa ilipokuja, dirisha lilisahauliwa. Tunatibu kwa mkono mmoja na kuambukiza kwa mwingine.

Gharama ya usahaulifu huo ilidhihirika Afrika Kusini. Huko Tugela Ferry, KwaZulu-Natal, taarifa iliyochapishwa mwaka 2006 ilieleza juu ya wagonjwa 53 waliopata TB isiyosikia takriban dawa zote. 52 kati yao walifariki. Wengi walikuwa wamelazwa hospitalini katika kipindi cha karibu kabla ya hapo. Walikwenda kutafuta uzima kwa maradhi mengine.

Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika hospitali nane za Lima, Peru. Watafiti walipima kasi ya hewa kubadilika katika wodi na kliniki. Madirisha na milango ikiwa wazi, hewa ilibadilika kwa kiwango cha kati cha mara 28 kwa saa. Vyumba vya kisasa vyenye mitambo vilivyotumika kama kipimo hutakiwa kubadilisha mara 12. Madirisha yakifungwa, hata mara mbili hazikufika. Tena, majengo yenye umri wa zaidi ya miaka 50, yale ya dari za juu na madirisha makubwa, yalibadilisha hewa mara 40, na majengo mapya mara 17. Kwa maneno mengine, babu alijenga vizuri kuliko mjukuu, na alifanya hivyo bila umeme.

Watakuwapo watakaosema: Lima si Tukuyu. Ni kweli. Basi twendeni Butaro, kaskazini mwa Rwanda, mahali pa milima, mvua na baridi kama kwetu. Hospitali ya wilaya iliyofunguliwa huko mwezi Januari 2011 ilibuniwa tangu mchoro wa kwanza kwa kusudi la kupunguza maambukizi ya hewani. Korido za ndani, ambamo wagonjwa wa kila aina hubanana, ziliondolewa. Watu hupita na kusubiri kwenye baraza zenye paa. Dari ni za juu, madirisha yako juu na chini, feni kubwa huisukuma hewa taratibu, na taa za mionzi inayoua vimelea zimewekwa sehemu za juu za kuta. Kuta zenyewe zilijengwa kwa mawe ya volkano yaliyochimbwa hapo hapo. Sisi wa Rungwe, tunaojikwaa kwenye mawe ya volkano kila tukilima, tunakosa nini ambacho Butaro walikuwa nacho?

Hatukosi fedha za kujenga. Tangu mwaka 2017 Serikali imejenga na kukarabati mamia ya vituo vya afya, na katika mwaka wa fedha 2018/2019 ikaanza ujenzi wa hospitali 67 za halmashauri. Ni kazi kubwa, na mwanamke aliyekuwa akijifungulia njiani anaijua thamani yake kuliko mimi. Lakini jengo la afya linalojengwa leo litatumika miaka hamsini. Kila dirisha tunaloliweka leo ni sera ya hewa ya miaka hamsini, na sera hiyo mara nyingi huamuliwa na fundi wa alumini.

Tupige hesabu pamoja, kwa kuwa hesabu ndiyo lugha ya bajeti. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unataka wastani wa lita 60 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mgonjwa katika wodi ya kawaida inayotegemea upepo. Wagonjwa ishirini wanahitaji lita 1,200. Mwongozo huo huo unatoa kanuni ya makadirio ambayo kwayo upepo mwanana wa meta moja kwa sekunde, ukipita kutoka upande mmoja wa chumba hadi wa pili, unahitaji uwazi wa meta za mraba 1.85 hivi kila upande ili kuleta kiasi hicho. Dirisha la meta 1.5 kwa 1.2 lina meta za mraba 1.8. Lingekuwa la bawaba, moja tu kila upande lingekaribia kutosha. Lakini dirisha la kusukuma hufunguka nusu. Nusu ya pili ni kioo juu ya kioo. Sasa yanahitajika mawili na zaidi. Wavu wa mbu nao hupunguza kasi ya hewa, hasa ukijaa vumbi. Na wagonjwa wakiwa arobaini badala ya ishirini, zidisha mara mbili. Hesabu hii mwanafunzi wa kidato cha pili anaiweza. Naiuliza halmashauri yoyote: iko katika mchoro gani?

Sasa narudi kwenye baridi, maana hapo ndipo mahubiri mengi ya hewa safi yanapokufa. Anayefunga dirisha si mjinga. Ana shuka moja, ana homa, mvua inapiga, na ugonjwa anaoogopewa na wataalamu utakuja baada ya miezi ilhali baridi iko mgongoni sasa. Yeyote kati yetu angefunga. Florence Nightingale, katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859, aliifanya hewa ya mgonjwa kuwa jambo la kwanza kabisa, lakini aliambatanisha sharti ambalo wanaomnukuu husahau: mgonjwa asipatwe na baridi. Masharti hayo mawili hayatengani. Ukitaka dirisha liwe wazi Tukuyu, mpe mgonjwa blanketi. Niliwapelekea mjomba na jirani zake wawili mablanketi kutoka nyumbani, yale mazito ya sokoni, na usiku ule ule mjomba alisema, "Mpwa wangu, sasa lile la juu yangu liache." Hakuhudhuria semina yoyote.

Kwa hiyo nasema bila kutania: katika hospitali za nyanda za juu, blanketi ni kifaa cha kuzuia maambukizi, sawa na glavu. Liingizwe katika orodha hiyo na linunuliwe kutoka fungu hilo.

Tena baridi yenyewe si adui tu. Hewa ya ndani iliyopashwa na miili ya watu ni nyepesi kuliko ya nje, hivyo hupanda. Ikikuta tundu juu ya ukuta, karibu na dari, hutoka, na hewa safi huingia kupitia tundu la chini. Kadiri nje kunavyokuwa na baridi, ndivyo msukumo huo unavyozidi. Usiku wa Julai usio na upepo, baridi ya Tukuyu inaweza kufanya kazi ya mashine bila bili ya umeme, ilimradi ukuta uwe na matundu ya juu yasiyofungika na upenu mpana wa kuzuia mvua inayokuja na upepo wa ziwani. Nyumba zetu za zamani za mianzi zilikuwa zikipumua. Tulipoleta matofali na dari ya jipsamu, tuliziba pumzi hiyo tukaita maendeleo.

Sisemi kila chumba kiachwe wazi. Watoto wachanga, hasa waliozaliwa kabla ya siku zao, huuawa na baridi kwa saa chache. Chumba chao kina kanuni zake. Wala sipuuzi mbu na wezi. Ninasema tu kwamba haya yote ni maswali ya usanifu na uongozi, na yana majibu.

Ningependa kuona mambo manne, na hakuna hata moja linalosubiri mfadhili. Kwanza, hewa ipewe mwenyewe. Katika kila hospitali awepo mtu mmoja, kwa jina na cheo, anayewajibika kwa hewa ya kila chumba, na kamati ya kudhibiti maambukizi ipokee taarifa yake kila mwezi kama inavyopokea ya dawa. Pili, ipimwe. Kipo kifaa kidogo kinachopima hewa ya ukaa, ile tunayoitoa kifuani. Nje husoma takriban 420. Chumbani kikisoma 2,300, maana yake ni kwamba sehemu moja kati ya ishirini ya kila pumzi yako imekwisha pita katika mapafu ya mtu mwingine. Namba hiyo ikibandikwa ukutani, mjadala wa dirisha utabadilika. Tatu, kila mchoro wa jengo la afya uonyeshe hesabu ya hewa kabla ya kuidhinishwa, na benchi la kusubiria lihamie barazani. Nne, fungu la mablanketi, kwa hospitali zote za mahali penye baridi, tangu Rungwe hadi Makete, Mbulu na Lushoto.

Wanafunzi wangu wa uhandisi, uuguzi na utawala hukutana mara chache. Lakini wodi moja inawahitaji wote watatu: anayechora tundu, anayelilinda lisizibwe, na anayetia saini fedha ya blanketi. Watumishi wa umma mnaosoma hapa, vikao vya bajeti vya halmashauri vinakaribia. Fungueni kitabu cha makadirio, mtafute neno hewa. Msipolipata, ulizeni, na jibu liandikwe katika muhtasari wa kikao, ili hatimaye hewa nayo iwe na karatasi yake.